Wanapogombana Wenye Mpira, Mshabiki Anakaa Wapi?

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025, siku tatu baada ya Jumatano ya Majivu, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ulikuwa upokee dabi ya Kariakoo. Yanga walikuwa wenyeji, Simba wageni. Mechi haikuchezwa. Simba walitoa taarifa kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo walizuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, haki ambayo kanuni za ligi humpa mgeni, na kwa hiyo hawatapeleka timu. Siku yenyewe ya mchezo Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha. Yanga wakasema hawaoni sababu ya kuahirisha, wakaenda uwanjani. Mashabiki walikuwa wameshafika jijini kutoka mikoa yote.

Kilichofuata kila msomaji anakikumbuka. Yanga walisema mechi hiyo kwao imekwisha, hawairudii. Wakapeleka shauri kwenye mahakama ya michezo, CAS, kule Uswisi, wakaambiwa wamalize kwanza vyombo vya nyumbani. Ikapangwa tarehe 15 Juni, ikasogezwa tena. Hatimaye ikachezwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga wakashinda mabao 2-0 na kuchukua ubingwa. Kutoka tarehe ya kwanza hadi ya mwisho ni siku 109.

Hatuandiki ili kufufua swali la nani alikuwa na haki. Miongoni mwetu, kama ilivyo katika kila parokia ya Tanzania, wapo wa kijani na wapo wa wekundu, na swali hilo likiwekwa mezani chakula kitapoa. Swali letu ni jingine. Katika siku hizo 109 tulisikia sauti za viongozi wa klabu, wanasheria, wasemaji, Bodi na Shirikisho. Nani alizungumza kwa niaba ya mtu aliyenunua tiketi?

Tumtazame mtu huyo. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Anayetaka kuona dabi kwa macho yake hupanda basi alfajiri, akapita Singida, Dodoma na Morogoro, akafika usiku amevimba miguu. Amelipa nauli ya kwenda, na ya kurudi ameificha mfukoni. Amenunua jezi. Pengine amefunga kibanda chake kwa siku tatu, au amemwomba mwenzake ashike zamu yake. Mechi inapofutwa siku ileile, tiketi inaweza kurudishwa au kuhamishiwa tarehe nyingine. Nauli hairudi, wala siku tatu za kibanda. Na nje ya uwanja yuko mama lishe aliyepika sufuria mbili za wali wa ziada, yuko kijana wa bodaboda, yuko muuza vuvuzela na bendera. Hao hawakuwahi kuwa na tiketi, kwa hiyo katika hesabu za hasara hawatajwi kabisa.

Ugomvi wa watani wetu ni vigumu kuutazama kwa utulivu, maana macho yetu yana rangi. Kwa sababu hiyo inasaidia kutazama kwanza ugomvi wa watu tusiowashabikia, wanaocheza mchezo ambao hapa kwetu hakuna hata barafu ya kuuchezea.

Huko Marekani na Canada ipo ligi ya mpira wa magongo wa barafuni iitwayo NHL. Septemba 2004 wamiliki wa timu waliwafungia nje wachezaji wao. Walitaka kuwe na kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho jumla ya mishahara ya timu nzima haiwezi kukizidi, kikomo kilichofungwa kwenye mapato ya ligi. Chama cha wachezaji kilikataa. Mazungumzo yakapanda na kushuka majira yote ya baridi, na tarehe 16 Februari 2005 msimu mzima ukafutwa: mechi 1,230 zikapotea. Kombe la Stanley halikutolewa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1919 wakati wa janga la mafua. (Stanley huyo ni Lord Stanley, gavana wa Canada, wala si yule msafiri aliyelala Kwihara.) Ugomvi ulipokwisha, kikomo kikawekwa: dola milioni 39 kwa kila timu, na mikataba iliyokuwepo ikakatwa asilimia 24.

Mashabiki walikuwa na hasira. Kwao ilikuwa matajiri wakigombana na matajiri wengine juu ya fedha zilizotoka mfukoni mwa mtu wa kawaida. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Milango ilipofunguliwa, msimu wa 2005-06, walirudi viwanjani kwa idadi iliyovunja rekodi ya ligi. Wamiliki nao wakajifunza somo lao: hasira ya mshabiki hupoa. Septemba 2012 wakafunga milango tena, mechi 510 zikapotea, na fungu la wachezaji katika mapato likashuka kutoka asilimia 57 hadi asilimia 50.

Tunaona mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, kila kikomo kinamlinda mtu fulani, na ni lazima kuuliza ni nani. Kikomo cha mishahara kule kililinda kwanza mfuko wa mwenye timu. Kilisaidia pia timu ndogo zisimezwe na kubwa, hilo tunalikubali. Lakini bei ya tiketi ya mshabiki haikuwekewa kikomo na mtu yeyote. La pili, mshabiki anayekasirika peke yake, kisha akarudi peke yake, huwafundisha wakubwa kwamba anaweza kupuuzwa.

Sasa turudi nyumbani, maana Tabora inajua kitu kuhusu vikomo na mapatano ya kazi kabla haijajua mpira wa miguu.

Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Ugogo hadi Unyanyembe, hapa hapa, kisha ikaendelea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jumla kama kilomita 1,200. Hapakuwa na mnyama wa kubeba mizigo aliyestahimili ndorobo, kwa hiyo mzigo ulipanda bega la mtu. Kwa makumi ya maelfu, Wanyamwezi walikwenda pwani na kurudi wakiwa wapagazi, na upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajaona bahari alionekana bado hajakua. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu yao, na analolionyesha ni kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye desturi zao za kazi, wala hawakuwa kundi la watu wa kuswagwa.

Desturi hizo zilikuwa wazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 30, ukiondoa mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Ujira na posho vilipatanwa kabla ya kuondoka. Aliyebeba pembe kubwa kupita kawaida alitarajia malipo ya juu zaidi. Tajiri akizidisha mzigo, au akipunguza posho njiani, wapagazi waliweka mizigo chini na kukaa kitako. Wengine waliondoka usiku. Wazungu wengi waliopita njia hii wameacha vitabu vilivyojaa malalamiko juu ya wapagazi wao, na ukivisoma vizuri, mengi ya malalamiko hayo ni habari za mapatano ambayo tajiri alitaka kuyavunja na mpagazi akakataa.

Kwa hiyo kwenye njia hii kulikuwa na kikomo. Lakini kilikuwa kikomo cha mzigo, kilichomlinda aliyebeba. Ni tofauti kubwa na kikomo cha wale wa barafuni.

Tusiipambe historia. Njia ileile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na hao hawakupatana na mtu juu ya posho wala mzigo. Wamisionari wa Afrika walipopita humo mwaka 1878 walikuta biashara hiyo ikiendelea, na miaka kumi baadaye Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akiipinga. Ndiyo maana haki ndogo ya mpagazi huru, haki ya kuweka mzigo chini, ilikuwa na thamani kubwa: ndiyo iliyomtenganisha na jirani yake aliyefungwa mnyororo.

Na hapa ndipo njia ya msafara inapokutana na dabi. Jina Kariakoo limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka Dar es Salaam wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya kuuteka mji huo mwaka 1916. Mwaka huohuo Tabora iliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji. Majeshi ya pande zote yalitembea juu ya mabega ya Waafrika. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, kwa maradhi, njaa na uchovu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Miaka ishirini hivi baadaye, mwaka 1935 na 1936, zikaanzishwa klabu tunazoziita leo Yanga na Simba. Watani wa jadi wanacheza dabi yenye jina la watu waliobeba mzigo wa vita ya wengine, na wengi wao hawakulipwa.

Katika mpira wa leo mpagazi ni nani? Kwa sehemu ni mchezaji, hasa wa timu ndogo. Mashabiki wa Tabora hawahitaji kufundishwa hilo. Agosti 2023 timu yetu, Tabora United, zamani Kitayosce, ilianza maisha yake ya Ligi Kuu ugenini dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu, kwa kuwa usajili wa wengine ulikuwa umekwama. Mechi ikavunjika mapema, Azam wakiongoza mabao 4-0, baada ya wachezaji wetu waliobaki uwanjani kupungua chini ya idadi inayotakiwa na sheria. Tuliona aibu. Lakini timu hiyohiyo, tarehe 7 Novemba 2024, iliwafunga Yanga 3-1 huko Chamazi, na usiku ule watu wa Tabora walilala wakitabasamu, hata baadhi ya wale wa kijani. Mwaka 2025 timu ikabadilishwa jina, ikaitwa TRA United, na neno Tabora likatoka kwenye msimamo wa ligi.

Nchini kwetu hakuna kikomo cha mishahara, na tofauti kati ya klabu na klabu ni kama mlima na kichuguu. Mwaka 2021 Shirikisho na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ni fedha nyingi kuliko ligi ilivyowahi kuona. Hata hivyo bado tunasikia kila msimu juu ya mchezaji anayedai mshahara wa miezi, na juu ya klabu iliyofungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni. Klabu kubwa na ndogo zote zimewahi kuonja adhabu hiyo. Mchezaji huahidiwa fedha ambazo anayeahidi hana. Kabla ya kubishana juu ya dari, tunadhani nyumba hii inahitaji sakafu: kilichoandikwa kwenye mkataba kilipwe, na kilipwe kwa wakati.

Hili kwa Mkristo halina mjadala. Kumbukumbu la Torati inaagiza kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na roho yake inautegemea ujira huo. Mtakatifu Yakobo anawaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika Rerum Novarum, akasema mapatano kati ya mwajiri na mwajiriwa peke yake hayatoshi kama ujira hauwezi kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi. Papa wetu wa sasa, Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba jina lake linamtazama Leo yule. Mwaka 1981 Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens, aliukubali mgomo kuwa njia halali ya wafanyakazi, akisisitiza kuwa ni njia ya mwisho na haipaswi kutumiwa vibaya. Katekisimu inaongeza kwamba mgomo unapoteza uhalali wake ukitumia ukatili au ukienda kinyume cha manufaa ya wote.

Manufaa ya wote: hapo ndipo mshabiki anapoingia. Mchezaji ana mkataba, mwenye klabu ana hisa, mdhamini ana nembo kifuani. Mshabiki hana karatasi yoyote isipokuwa tiketi. Lakini toa mshabiki, na vyote vingine havina bei. Mdhamini analipa kwa sababu watu wanatazama. Televisheni inanunua haki za matangazo kwa sababu watu wanalipia visimbuzi. Mshahara wa nyota wa kigeni umetoka, kwa njia ndefu, kwenye mfuko wa fundi baiskeli wa Ipuli aliyelipia kifurushi ili aone mechi. Yeye ndiye mpagazi wa pili, na mzigo wake haujawahi kupimwa.

Wapo watakaosema: mpira ni mchezo tu, na magazeti ya seminari yana mambo mazito zaidi ya kuandika. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kijana ambaye haendi jumuiya anakwenda kwenye tawi la Simba au la Yanga. Hapo anajifunza kama ahadi ina maana, kama kanuni ni za wote au za mwenye nguvu, kama mtu mdogo husikilizwa. Akiona kwa siku 109 kwamba wakubwa wanaweza kusimamisha jambo la watu wote bila kumwomba mtu radhi, hilo nalo ni katekesi. Kanisa liliona uzito huo mwaka 2018 lilipotoa kutoka Roma hati nzima juu ya michezo na mwanadamu.

Wengine watasema: ugomvi wa kazi ni wa mwajiri na mwajiriwa, mtazamaji hahusiki. Hapa tunakubali nusu. Mshabiki hana haki ya kumlazimisha mchezaji acheze bila mshahara ili yeye afurahi. Mshabiki anayemzomea mchezaji aliyegoma akidai mshahara wa miezi mitatu anamzomea mpagazi kwa kuweka chini mzigo uliozidi. Lakini kutokuwa na haki ya kuamua si sawa na kutokuwa na haki ya kuambiwa mapema, wala ya kufidiwa.

Na hapa sheria ya nchi imetangulia mpira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya wafanyakazi kugoma na haki ya mwajiri kuwafungia nje, lakini inaweka utaratibu: kwanza usuluhishi, kisha taarifa ya saa 48. Kiwanda cha sabuni hakiruhusiwi kufunga milango kama mtu anayefunga dirisha. Dabi kubwa kuliko zote nchini iliahirishwa siku ileile ya mchezo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na hakuna lililo gumu.

Kwanza, kanuni za ligi zitamke kwamba mgogoro wa kiutawala hauwezi kuzuia mechi ndani ya saa 48 za mwisho, isipokuwa uhai wa watu uko hatarini. Timu iliyonyimwa haki yake icheze chini ya pingamizi la maandishi, na adhabu kwa aliyevunja kanuni iwe kali, ya pointi na fedha. Haki yake itapatikana, na mashabiki wataona mpira.

Pili, pale mechi inapoahirishwa kwa kosa la watu na si kwa mvua au msiba, mwenye tiketi achague mwenyewe: arudishiwe fedha zake zote au tiketi imfae siku nyingine. Utaratibu huo uandikwe kwenye tiketi yenyewe. Faini ya aliyekosea iingie kwanza kwenye fidia hiyo, kabla haijaingia kwenye mfuko wa taasisi yoyote.

Tatu, klabu ioneshe kabla ya msimu kuanza jinsi itakavyolipa mishahara iliyoahidi hadi mechi ya mwisho. Ikiwa siku moja tutafika kwenye kikomo cha mishahara, kifungwe kwenye mapato halisi ya klabu ili kizuie ahadi hewa, kisiwe kisingizio cha kumlipa kidogo kijana wa Kitanzania huku fedha zikienda kwingine.

Nne ni letu sisi wenyewe. Mshabiki wa Toronto au Chicago anaweza kukasirika hadi asubuhi, lakini timu ni ya tajiri na yeye hana kura. Simba na Yanga ni tofauti. Zilizaliwa zikiwa klabu za wanachama, na hata katika mageuzi ya miaka ya karibuni kanuni za serikali zinataka wanachama wabaki na angalau asilimia 51. Maana yake, mtu mwenye kadi hai ya uanachama, hata kama anaishi Nzega au Urambo, ni mwenye nyumba. Ana tawi, tawi lina wajumbe, wajumbe wanaingia mkutano mkuu. Lakini mara nyingi mkutano mkuu tunaupeleka kwa nyimbo, tunapiga makofi hotuba inapotaja majina ya wachezaji wapya, tunarudi nyumbani. Ni wangapi wamesimama kuuliza klabu ina deni gani la mishahara, au mashabiki waliopoteza nauli tarehe 8 Machi walifikiriwa vipi?

Wapagazi wa njia ya Bagamoyo hawakuwa na nguvu kwa sababu ya mdomo. Msafara mzima ulikuwa na desturi moja, na mizigo ilipowekwa chini, iliwekwa chini yote pamoja, kwa sababu iliyojulikana, na ikanyanyuliwa sababu hiyo ilipoondolewa. Mashabiki wetu wana mdomo wa kutosha. Kinachokosekana ni kuuliza swali moja kwa pamoja, wa kijani na wa wekundu, bila kwanza kupima jibu litaiumiza timu ipi. Siku ile ya Machi, aliyetoka Tabora amevaa kijani na aliyetoka Tabora amevaa nyekundu walirudi pengine kwenye basi moja, wakipoteza kiasi kilekile cha fedha. Njia nzima walilaumiana, kana kwamba mmoja wao ndiye aliyefunga geti.

Kwa mafrateri wenzetu tuna neno la nyongeza. Baada ya miaka michache mtakuwa maparoko. Mtakuwa na kijana mchezaji anayekuja ofisini kwa sababu klabu haijamlipa, na mtamsomea Yakobo. Nje ya ofisi hiyohiyo watakuwepo mlinzi, mpishi na katekista, nao wanajua kuhesabu tarehe za mwezi. Parokia ni mwajiri. Neno letu juu ya haki ya mchezaji litasikika vizuri zaidi mlinzi wa geti akiwa ameshalipwa.

Na kwa wenye kadi za uanachama katika parokia zetu: mkutano mkuu ujao msiende mikono mitupu. Kaeni kwenye tawi, andikeni maswali mawili au matatu kwa ufupi, mkubaliane nani atasimama kuuliza. Waulizeni viongozi juu ya mishahara, juu ya tiketi, juu ya saa 48. Majibu mtakayopata yaleteni nyumbani, myasome mbele ya wenzenu wa tawi la pili, maana nao wana maswali yaleyale na pengine walijibiwa tofauti.